Kugeuza mapenzi ya tanga kuwa biashara ya kukodisha mashua

MLOLONGO, mji wa Kaunti ya Machakos unaosemekana kupata jina lake kutokana na foleni ndefu za malori, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2017 treni ya Madaraka Express huwafikisha abiria Mombasa kutoka kituo jirani cha Syokimau. Si ajabu basi kwamba wapo wakazi wa bara ambao, baada ya kuonja safari ya tanga, hurudi nyumbani wakitamani kumiliki chombo cha kukodisha.

Azma hiyo inatimizika, mradi mhusika aelewe kwamba kupenda bahari na kuitegemea kwa riziki ni mambo mawili tofauti.

Jambo la kwanza ni majira. Pepo za kaskazi, zinazovuma takriban Desemba hadi Machi, huambatana na bahari tulivu na msimu wa wageni. Kusi huanza kushika Aprili, pamoja na mvua za masika, na kati ya Juni na Agosti mawimbi huwa makali kiasi cha vyombo vingi vya kitalii kutia nanga. Kwa hivyo, mapato ya miezi michache hayana budi kulipia matengenezo na mishahara ya mwaka mzima.

Pili ni chombo chenyewe. Katika kisiwa cha Lamu, hasa kijiji cha Matondoni, mafundi wangali wanaunda majahazi na mashua kwa mikono. Chombo cha mbao hudai utunzaji wa kila mara: nyufa huzibwa kwa pamba, kazi iitwayo kalafati, na sehemu ya chini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, ili kuzuia wadudu watoboao mbao. Ni busara anayeanza ashirikiane na mwenye mashua kwa msimu mmoja kabla ya kutumia akiba yake kununua.

Tatu ni nahodha. Safari ya kuelekea magofu ya Takwa, kisiwani Manda, hupitia mkondo wa mikoko ambao hupitika maji yanapojaa. Asiyejua bamvua na maji mafu huweza kukwama na wageni wake hadi maji yarejee. Mwenye mali anapaswa kumwachia nahodha uamuzi wa kung'oa nanga au kubaki, hata mteja akiwa amekwisha kulipa. Wahenga walinena kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Nne ni sheria. Mamlaka ya Masuala ya Baharini Nchini, KMA, iliyoundwa mwaka wa 2004, ndiyo inayosajili na kukagua vyombo. Jaketi okozi ziwe za kumtosha kila abiria, na idadi iliyoidhinishwa isizidishwe. Kivuko cha Mtongwe kilipopinduka Aprili 29, 1994, zaidi ya watu 250 walifariki. Aidha, wanaoingia katika hifadhi za bahari kama vile Watamu na Kisite hulipa ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ada hiyo iingizwe katika bei mapema.

Hatimaye, biashara hii hutikiswa na mambo yasiyohusiana na upepo. Utekaji nyara wa wageni katika eneo la Lamu mwaka wa 2011, mashambulizi ya Mpeketoni mwaka wa 2014 na janga la korona mwaka wa 2020 yote yaliwaacha wenye mashua bila wateja. Waliokuwa na kazi nyingine, kama vile uvuvi au uchukuzi wa mizigo, walikuwa na pa kushikilia.

Mkazi wa Mlolongo anayeona mashua za wengine zikijaa wageni mwezi wa Januari afunge safari nyingine mwezi wa Juni, azione zikiwa zimefungwa ufuoni, ndipo apige hesabu zake. Usisafirie nyota ya mwenzio.