Khati Juu ya Shaba

Mtu atakaye kujua ni tangu lini wanadamu walizitamani sarafu kongwe za China kwa sababu isiyokuwa kununua chakula na nguo, hana budi kurejea angalau hadi mwaka 1149, pale Hong Zun, mwanachuoni na mtumishi wa dola ya Song, alipokamilisha kitabu chake kiitwacho Quanzhi, ambamo alizipanga sarafu zaidi ya 300 na kuzieleza moja moja. Wala yeye hakuwa wa kwanza, kwani alinukuu maneno ya waliomtangulia kwa karne nyingi, ambao vitabu vyao vimekwisha kupotea.

Kilichowavuta watu hao si thamani ya madini. Sarafu ya Kichina haina uso wa sultani wala sura ya mnyama. Ina tundu la mraba katikati, na kwa kawaida pande zake nne zina herufi nne, ambazo aghalabu hutaja enzi ilimosubiwa. Zile za Kai Yuan, zilizoanza kutolewa mwaka 621 na kuwa kigezo kwa sarafu zote zilizofuata, ziliandikwa kwa khati ya Ouyang Xun, bingwa wa kalamu wa zama zake. Lakini aliyewapita wote, kwa rai yangu, ni mfalme Huizong wa Song, ambaye mwandiko wake mwembamba wenye ncha kali umehifadhika katika sarafu za enzi ya Daguan, iliyoanza mwaka 1107. Mfalme huyu alitekwa na Wajurchen mwaka 1127 akafia uhamishoni, ilhali mwandiko wake uliendelea kupita katika mikono ya wachuuzi wa samaki na wabeba mizigo. Nami sijui mfalme mwingine ambaye khati yake iliwafikia maskini kwa wingi namna hiyo.

Kwa wingi, nasema, kwa kuwa shaba, risasi na bati viliyeyushwa na kumiminwa katika kalibu za mchanga, sarafu zikatoka zimeshikana kama majani ya ukwaju katika kikonyo chake, zikavunjwa, zikapangwa katika ufito wa mraba ili kingo zao zipigwe tupa, kisha zikatungwa kambani elfu elfu; na kufikia mwaka 1080 hivi dola ilikuwa ikitoa takriban kamba milioni tano kila mwaka. Hii ndiyo sababu hata leo mtu wa kipato kidogo aweza kuanza kukusanya kwa sarafu za Song zilizo halali kabisa. Na ndiyo sababu marufuku za kuzitoa nje ya nchi, zilizokaririwa na watawala wa Song, hazikufua dafu: zilivuka hadi Japani, zilivuka hadi Java, na zilivuka hadi kwetu.

Mwaka 1945, huko Kajengwa, kusini mwa Unguja, ilifukuliwa hazina ya sarafu za Kichina zaidi ya mia moja, nyingi zao za Song. Upande huohuo wa kisiwa upo msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, mwaka uleule ilipoanza enzi ya Daguan. Siwezi kuiona sadfa hii bila kusisimka.

Sarafu kwangu ni pamoja na mahali ilipofukuliwa, na hapo ndipo ninapotofautiana na wakusanyaji wanaoridhika na sura ya sarafu peke yake. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba na wenzake wameipata katika kisiwa cha Manda, mwambao wa Kenya, sarafu ya Yongle, mfalme aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15 na kuzituma merikebu za amiri wake Zheng He katika Bahari ya Hindi. Sarafu za aina hiyo si adimu, na dukani moja yake ingeuzwa kwa bei ya kawaida. Bali kwa kuwa hii ilitoka ardhini mbele ya watu walioandika imetoka wapi na imefuatana na nini, imekuwa shahidi wa biashara ya mwambao wetu, jambo ambalo zile za dukani, hata ziwe nzuri kiasi gani, haziwezi kulitolea ushahidi.