Dakika Kumi na Saa 53,000: Historia ya Dhana ya Uchache wa Data katika Utambuzi wa Usemi

Katika tafiti za utambuzi wa usemi kwa mashine, Kiswahili huwekwa katika kundi la lugha zenye data chache. Sehemu hii inafuatilia historia ya dhana hiyo na kutetea hoja moja: uchache wa data si sifa ya lugha, bali ni matokeo ya maamuzi kuhusu sauti za nani zirekodiwe, na kwa kusudi gani.

Awali, uchache ulikuwa hali ya wote. Mwaka 1952 watafiti wa Bell Labs nchini Marekani walitengeneza Audrey, mtambo uliotambua tarakimu kumi za Kiingereza, nao ulifanya vizuri pale tu uliporekebishwa kulingana na sauti ya msemaji mmoja. Katika miaka ya 1980, Texas Instruments na MIT walikusanya hazina ya TIMIT, yenye wasemaji 630 kutoka maeneo manane ya lahaja za Marekani, kila mmoja akisoma sentensi 10. Hazina hiyo, yenye takriban saa tano, ilikuwa kipimo cha utafiti kwa miaka mingi.

Mwaka 2015 ilitolewa LibriSpeech, yenye takriban saa 1,000 za Kiingereza. Chimbuko lake ni LibriVox, mradi ambao tangu 2005 watu wa kujitolea husoma kwa sauti vitabu visivyofungwa na hakimiliki. Juu ya msingi huo, mwaka 2020 watafiti wa Facebook walichapisha modeli ya wav2vec 2.0. Kwa rekodi 48 tu zilizonukuliwa, yaani dakika kumi, makosa ya maneno yalishuka hadi asilimia 4.8 katika jaribio la sauti safi.

Ni rahisi kuhitimisha kwamba dakika kumi zinatosha. Hata hivyo, modeli hiyo ilikuwa imekwisha kusikiliza takriban saa 53,000 za LibriVox zisizonukuliwa. Ilisaidiwa na modeli ya lugha iliyofunzwa kwa matini ya vitabu. Na sauti za jaribio zilitoka katika usomaji wa vitabu uleule.

Njia ya Kiswahili ilikuwa nyingine. Mwaka 2012 Hadrien Gelas, Laurent Besacier na François Pellegrino walieleza jinsi mashine ilivyotoa rasimu ya unukuzi wa habari za redio, kisha wanukuzi wakaisahihisha. Walikabili pia tatizo la vitenzi vyetu: umbo kama “hawatatuandikia” ni neno moja lenye viambishi vingi, hivyo msamiati hupanuka kuliko data. Katika muongo huohuo, programu ya Babel, iliyofadhiliwa na wakala wa utafiti wa idara za ujasusi za Marekani, ilikusanya takriban saa 200 za usemi wa Kiswahili kwa njia ya simu. Kusudi lilikuwa kutafuta maneno katika rekodi, si kumhudumia msemaji.

Kwa hiyo, tasnifu hii haitoi idadi ya saa zilizonukuliwa peke yake. Kila jaribio linataja pia saa ambazo modeli ilisikiliza kabla, lugha yake na chanzo chake. Bila taarifa hizo, madai ya mafanikio kwa data chache hayawezi kupimwa.