Bears na Packers: Uhasama wa karne nzima kando ya Ziwa Michigan

JOGOO la shamba haliwiki mjini, ndivyo wasemavyo wahenga. Lakini katika kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mikono na mpira wenye umbo la yai, yuko jogoo mmoja wa shamba ambaye amewika mjini kwa zaidi ya miaka 100. Jogoo huyo ni Green Bay Packers, timu ya mji mdogo wa jimbo la Wisconsin wenye wakazi wapatao 107,000 tu. Mji ambao umelazimika kuusikiliza uwikaji huo ni Chicago, wenye watu zaidi ya milioni 2.7, ambao ni makao ya Chicago Bears.

Hakuna timu mbili katika Ligi Kuu ya Kandanda ya Marekani (NFL) ambazo zimekutana mara nyingi kuliko hizi. Kufikia sasa zimecheza zaidi ya mechi 200. Tangu mwaka wa 1923 zimepambana kila msimu isipokuwa wa 1982, wakati mgomo wa wachezaji ulipofuta mechi zao zote mbili.

Miji hiyo yote iko kando ya Ziwa Michigan, na umbali kati yake ni kama kilomita 330. Timu hizo zimo katika kundi moja la ligi, hivyo hukutana mara mbili kila msimu, nyumbani na ugenini.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Anayeufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huipatia timu yake alama 6, na mkwaju unaopita kati ya milingoti huleta alama 3. Mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi huitwa kwotabeki, na ndiye nahodha wa jahazi.

KUZALIWA KWA MAHASIMU

Packers ilianzishwa mwaka wa 1919 na Curly Lambeau pamoja na mwandishi wa habari George Calhoun. Lambeau alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya kupakia nyama, nayo ikatoa fedha za kununua jezi. Ndiko lilikotoka jina Packers, yaani wapakiaji.

Bears nayo ilizaliwa mwaka wa 1920 katika mji wa Decatur, jimbo la Illinois, ikiwa timu ya kiwanda cha wanga cha A. E. Staley. Kijana aliyekabidhiwa kuiongoza aliitwa George Halas. Mwaka uliofuata Halas aliihamishia Chicago, na mnamo 1922 akaipa jina Bears, yaani dubu. Timu hiyo ilikuwa ikitumia uwanja wa klabu ya besiboli ya Cubs, jina lenye maana ya watoto wa dubu.

Mechi ya kwanza baina yao ilichezwa Chicago mnamo Novemba 27, 1921. Timu ya Halas, iliyokuwa bado ikiitwa Staleys, ilishinda 20-0. Siku hiyo mchezaji wa Chicago, Tarzan Taylor, alimpiga ngumi Cub Buck wa Green Bay na kumvunja pua. Mbegu ya uhasama ilikuwa imepandwa.

Majira hayo ya baridi Packers ilipokonywa nafasi yake katika ligi kwa kosa la kuwachezesha wanafunzi wa chuo kikuu kwa majina ya bandia. Kwa miaka mingi mashabiki wa Green Bay wamesimulia kwamba aliyepeleka mashtaka ni Halas mwenyewe. Lambeau aliomba radhi na kurejeshewa nafasi hiyo katikati ya mwaka wa 1922. Mnamo 1924, Frank Hanny wa Bears na Walter Voss wa Packers walifukuzwa uwanjani kwa kupigana, na hutajwa kuwa wachezaji wa kwanza wa ligi hiyo kuadhibiwa hivyo.

TIMU YA WANANCHI, TIMU YA FAMILIA

Tofauti kubwa zaidi baina ya timu hizi ni umiliki wake. Mwaka wa 1923, Packers ilipokuwa ikielemewa na madeni, wakazi wa Green Bay waliuziwa hisa ili kuinusuru. Hisa ziliuzwa tena mnamo 1935, 1950, 1997, 2011 na 2021. Leo timu hiyo ina wenye hisa zaidi ya nusu milioni. Hisa hizo hazileti gawio wala haziuzwi sokoni. Anayenunua hupata cheti, haki ya kupiga kura katika mkutano wa kila mwaka na fahari ya kusema kuwa timu ni yake. Katika NFL nzima yenye timu 32, hakuna nyingine inayomilikiwa na umma kwa namna hiyo.

Bears kwa upande wake imebaki mikononi mwa familia moja. Halas alikuwa mchezaji, kocha na mmiliki kwa nyakati mbalimbali, na aliifundisha timu hiyo kwa misimu 40. Alipofariki mwaka wa 1983, binti yake Virginia Halas McCaskey aliirithi.

Miji mingine midogo iliyokuwa na timu katika miaka ya 1920 iliona timu zake zikivunjika au kuhamia miji mikubwa. Green Bay pekee ndiyo iliyosalia. Kwa hiyo kila mechi dhidi ya Chicago ilikuwa pia swali kwa wakazi wa mji huo: je, mji mdogo unaweza kudumu katika ligi ya matajiri?

ADUI ALIYEGEUKA MWOKOZI

Jambo la kushangaza ni kwamba katika kulijibu swali hilo, mahasimu hawa wamewahi kushikana mikono. Mwaka wa 1932, wakati mdororo wa uchumi ulipoikumba Marekani, Halas hakuwa na fedha za kutosha na akabaki akidaiwa na Packers dola 1,500. Aliwaandikia hati ya ahadi ya kulipa, na Green Bay ikakubali kumsubiri.

Fadhila hiyo ilirudi baada ya miaka 24. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 uwanja wa Green Bay ulikuwa mdogo na mkuukuu, na wakuu wa ligi walikuwa wameonya kuwa bila uwanja mpya timu haingeweza kubaki katika mji huo. Wakazi walitakiwa kupiga kura mnamo Aprili 3, 1956 ili kuamua iwapo mji ungekopa fedha za ujenzi. Siku chache kabla ya kura, Halas alisafiri hadi Green Bay, akasimama mbele ya umati na kuwasihi waunge mkono uwanja wa wapinzani wake. Pendekezo hilo lilipita kwa kura zaidi ya mbili kwa moja.

Uwanja huo ulifunguliwa Septemba 29, 1957, huku Makamu wa Rais wa wakati huo, Richard Nixon, akihudhuria. Wageni walioalikwa kucheza mechi ya ufunguzi walikuwa Bears, na shukrani waliyopata ni kichapo cha 21-17. Mnamo 1965, baada ya kifo cha Lambeau, uwanja huo ulipewa jina lake. Siku hizi Lambeau Field hubeba mashabiki zaidi ya 81,000, idadi inayokaribia ile ya wakazi wote wa mji.

Mwaka wa 1961 ligi iliamua kuwa mapato ya televisheni yagawanywe sawa kwa timu zote. Halas, aliyekuwa na soko kubwa la Chicago, angeweza kupinga, lakini aliafiki. Uamuzi huo ndio uliouwezesha mji wa Green Bay kulipa mishahara sawa na ya miji mikubwa, na ndio unaouweka hai hadi leo.

MIAKA YA FAHARI

Wema wa nje ya uwanja haukupunguza makali ya ndani. Mwaka wa 1935 kijana Don Hutson wa Packers alidaka pasi ya Arnie Herber na kukimbia nayo hadi eneo la mwisho, umbali wa yadi 83 kwa jumla, na hayo yakawa mabao pekee katika ushindi wa 7-0 dhidi ya Bears. Mnamo 1941 timu zote mbili zilimaliza msimu zikiwa zimeshinda mechi 10 na kupoteza moja, kila moja ikiwa imefungwa na mwenzake. Ikabidi zipambane tena Desemba 14, wiki moja tu baada ya shambulizi la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani vitani. Bears ilishinda 33-14, kisha ikatwaa ubingwa.

Packers ilidorora katika miaka ya 1950, na mnamo 1958 ilishinda mechi moja tu. Mwaka uliofuata ilimwajiri kocha Vince Lombardi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa dhidi ya Bears, akashinda 9-6. Katika muda wa miaka saba, kati ya 1961 na 1967, Lombardi alitwaa mataji matano, yakiwemo ya Super Bowl mbili za kwanza. Aliyemkatizia safari mnamo 1963 ni Halas. Msimu huo Packers ilishindwa mechi mbili pekee, zote mikononi mwa Bears, 10-3 na 26-7, na Chicago ikaibuka bingwa.

Leo mshindi wa Super Bowl hukabidhiwa kombe lenye jina la Lombardi, na bingwa wa kongamano la NFC ambamo timu zote mbili zimo hupewa kombe lenye jina la Halas.

CHUKI YA MIAKA YA 1980

Kipindi cha makocha Mike Ditka wa Bears na Forrest Gregg wa Packers kilikuwa kibaya zaidi. Bears ilikuwa na kikosi cha kutisha, na mnamo Januari 1986 ilitwaa Super Bowl kwa kuizaba New England Patriots 46-10. Msimu uliofuata, Novemba 23, 1986, Charles Martin wa Packers alimkamata kwotabeki wa Bears, Jim McMahon, baada ya mpira kuondoka mikononi mwake, akambwaga chini kwa bega. McMahon hakucheza tena msimu huo, na Martin alipigwa marufuku mechi mbili. Bears haikuweza kutetea ubingwa wake.

Mwaka wa 1989 Packers ilishinda 14-13 baada ya waamuzi kutazama picha za video na kubatilisha uamuzi wa awali kwamba Don Majkowski alivuka mstari kabla ya kurusha pasi. Chicago ilikasirika kiasi kwamba kwa miaka kadhaa kumbukumbu rasmi za Bears ziliyawekea matokeo hayo alama ya nyota.

Si yote yaliyokuwa ya uhasama. Walter Payton, mkimbiaji aliyependwa kuliko wote Chicago, alifariki Novemba 1, 1999 akiwa na umri wa miaka 46. Siku sita baadaye Bears ilikwenda Lambeau Field ikiwa imeshindwa na Packers mara 10 mfululizo. Ikiongoza 14-13, ilishuhudia Packers wakijiandaa kupiga mkwaju wa mwisho ambao ungewapa ushindi. Bryan Robinson aliruka na kuuzuia. Wengi upande wa Chicago waliamini kuwa Payton ndiye aliyemwinua.

ENZI YA FAVRE NA RODGERS

Lakini miongo iliyofuata ilikuwa ya Green Bay. Brett Favre, kwotabeki wa Packers kuanzia 1992 hadi 2007, aliifunga Bears mara 22 na kushindwa mara 10. Mrithi wake, Aaron Rodgers, alikuwa pigo kubwa zaidi. Mnamo Januari 23, 2011 timu hizo zilikutana Chicago kuwania nafasi ya kucheza Super Bowl, ikiwa ni mara ya pili tu katika historia kukutana baada ya msimu wa kawaida. Packers ilishinda 21-14, kisha ikatwaa ubingwa.

Bears ilikuwa imeongoza kwa idadi ya ushindi baina yao tangu miaka ya 1930. Mnamo Septemba 28, 2017, Packers iliipiku kwa ushindi wa 35-14. Mwaka wa 2021 Rodgers alisimama uwanjani Chicago na kuwafokea mashabiki kwamba bado yeye ndiye mwenye timu yao. Desemba 4, 2022 Packers iliipokonya Bears hata rekodi ya timu iliyoshinda mechi nyingi zaidi katika historia ya ligi. Kwa mataji, Packers ina 13 na Bears 9.

Rodgers aliondoka mnamo 2023, lakini kipigo hakikukoma. Novemba 2024 Bears ilikuwa na mkwaju wa mwisho wa kushinda; Packers iliuzuia na kuponea 20-19. Ilikuwa mara ya 11 mfululizo kwa Chicago kushindwa.

Ndipo ikaja Januari 5, 2025. Katika Lambeau Field, muda ukiwa umeyoyoma, Cairo Santos alipiga mkwaju wa yadi 51 uliopita katikati ya milingoti na kuipa Bears ushindi wa 24-22. Siku hiyo Virginia McCaskey, binti wa Halas, alikuwa akitimiza miaka 102. Alifariki mwezi mmoja baadaye, Februari 6, akiwa ameishuhudia timu ya babake ikishinda kwa mara nyingine katika uwanja ambao baba huyo alisaidia kuujenga.