Makali ya Patasi na Vumbi la Sheffield

Wasikilizaji, seremala akinunua patasi mpya huyajaribu makali yake kwa kidole, akaridhika au akanung'unika. Ni nadra kuuliza ni nani aliyeyatia makali yale. Zamani, mara nyingi alikuwa mtu wa Sheffield, mji wa Uingereza uliopeleka patasi, randa na misumeno sehemu nyingi za dunia.

Kunoa ni kazi mbili. Ile ya pili kila seremala aijua: kusugua chombo juu ya kinoo chenye mafuta au maji. Ya kwanza ni nzito zaidi, nayo ni kuondoa chuma kingi katika chombo kitokacho kwa mhunzi, hata kipate umbo lake. Hiyo hufanywa kwa cherehe, yaani jiwe la mviringo lizungukalo. Mito midogo ya Sheffield huteremka kwa kasi, nayo iliyazungusha macherehe hayo kwa karne nyingi. Karakana moja, Shepherd Wheel kando ya mto Porter, ingaliko hata leo. Mnoaji aliketi nyuma ya jiwe mfano wa mtu aliyepanda farasi, ameinama, uso wake karibu na jiwe.

Mawe yenyewe yalichimbwa Wickersley, si mbali na mji, nayo yalikuwa ya mchanga mgumu. Hapo ndipo ulipokuwa msiba. Vyombo vya seremala vilinolewa juu ya jiwe lenye maji, kwa hiyo vumbi lilipungua, ingawa halikwisha. Uma za mezani zilinolewa kavu, na vumbi lake likaingia mapafuni. Daktari Knight, aliyewatibu watu hao mwanzoni mwa karne ya 19, aliandika kwamba umri wa wanoaji wa jiwe kavu, kwa wastani, haukufika mbali kupita miaka 35, na wale wa jiwe la maji ni wachache waliopita 45.

Katika miaka ya 1820 Bwana J. H. Abraham wa mji huohuo alibuni kifaa cha sumaku cha kunasa vumbi la chuma. Wanoaji wengi walikikataa. Walihofu kwamba kazi isiyoua itawavuta watu wengi, na ujira utashuka. Msiwacheke upesi: mtu mwenye watoto wa kulisha leo huyapima mauti ya kesho kwa mizani yake mwenyewe. Tena, twajua sasa kwamba muuaji mkubwa alikuwa vumbi la jiwe, na sumaku hainasi jiwe. Sheria ya mwaka 1867 ndiyo iliyowapa wakaguzi nguvu ya kudai mapanga ya kuvuta vumbi.

Jiwe lenyewe lilikuja kubadilishwa na mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine kabisa. Mwaka 1891, huko Marekani, Edward Acheson alichoma udongo na makaa kwa nguvu za umeme, akitumaini kupata almasi. Akapata chembe ndogo zing'aazo, ngumu mno, akaziita kaborandamu. Mwaka 1895 alihamia penye maporomoko ya Niagara, palipokuwa na umeme mwingi. Katika karne ya 20 magurudumu ya namna hiyo yaliliondoa polepole jiwe la mchanga karakanani. Na kinoo cha kijivu kiuzwacho katika duka la vyuma, ambacho seremala hukilowesha maji kabla ya kunolea randa yake, mara nyingi kimefanywa kwa chembe zizo hizo.