Bahari Yenye Wenyewe: Miaka Thelathini ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia

Kabla ya kuwa na ofisi, boti za doria wala kiingilio, Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilikuwa malalamiko. Wavuvi wa Chole, Juani, Jibondo na Utende walikuwa wamechoshwa na baruti. Chupa yenye kilipuzi na utambi hurushwa juu ya mwamba. Ikilipuka, samaki hupasuka vibofu vya hewa. Wachache huelea, wengi huzama wasiokotwe, na matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi hugeuka kifusi. Mvuvi wa dema au wa mshipi akirudi mahali pale hakuti changu wala chewa. Wapigaji wengi walitoka nje ya kisiwa, wakaondoka na samaki wao, na wenyeji wakaachiwa mwamba uliokufa.

Serikali haikuwa imelala usingizi moja kwa moja. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970, na katika miaka iyo hiyo ya 1970 Ghuba ya Chole na mwamba wa Tutia, ambao wengi huuita Kitutia, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari. Katika orodha hiyo vilikuwemo pia visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini karibu na Dar es Salaam, na Maziwe karibu na Pangani. Lakini tangazo halina boti. Maziwe, iliyosifika kwa kasa waliopanda kutaga mayai, iliishiwa miti, mchanga ukahama, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 kisiwa kizima kikawa fungu linalofunikwa maji yakijaa. Chole na Kitutia nako, aliyetaka kupiga baruti alipiga.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wengi wao kupitia Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, walishirikiana na wapiga mbizi wa kujitolea wa shirika la Frontier kuipima bahari ya Mafia. Walikuta utajiri uliowashangaza: zaidi ya aina 400 za samaki, jenasi za matumbawe zipatazo 50, majani ya bahari, mikoko, na fukwe za kasa, vyote vikiwa jirani jirani katika maji ambayo sehemu yake kubwa haina kina cha mita 20. Walikuta pia makovu ya baruti, na matumbawe yakichimbwa kwa ajili ya kujengea na kuchoma chokaa.

Oktoba 1991 ikaitishwa warsha Mafia kwenyewe. Hilo la mahali lina uzito wake, kwa sababu mambo ya bahari yalizoeleka kuamuliwa Dar es Salaam kisha yakateremshwa. Safari hii wanakijiji walikaa na maofisa wa serikali, watafiti na wafadhili, na walichokisema kilikuwa wazi: baruti ikomeshwe, na wenyeji wasinyang'anywe bahari yao. Sharti la pili lilitokana na mambo waliyoyajua vizuri. Katika hifadhi za taifa za bara, watu walikuwa wamehamishwa ili wanyama wapate nafasi. Mafia haikuwa na pa kuwahamishia watu, na hapakuwa na sababu ya kufanya hivyo, maana watu hao ndio waliokuwa wakilalamika.

Bunge lilipopitisha Sheria Namba 29 ya mwaka 1994 kuhusu hifadhi za bahari na maeneo tengefu, sharti hilo liliingia. Sheria inataka vijiji vilivyo ndani ya hifadhi au vinavyoitegemea vishirikishwe katika hatua zote za kupanga, kuendeleza na kusimamia, vipate sehemu ya manufaa, na viwe na kipaumbele katika kutumia rasilimali. Halmashauri za vijiji zimepewa nafasi ya kushiriki katika kutunga kanuni, kugawa kanda na kuandaa mpango wa usimamizi. Juu kukawekwa bodi ya wadhamini. Kila hifadhi ikapewa kamati ya ushauri yenye wawakilishi wa vijiji, wilaya, wafanyabiashara na wataalamu. Na utendaji ukakabidhiwa Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, ambacho leo kiko chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Ni sheria iliyotangulia wakati wake. Tatizo lililokuja baadaye halikutoka kwenye maandishi yake.

Mwaka 1995 Mafia ikawa hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, yenye kilomita za mraba 822, ikikumbatia kusini mwa kisiwa kikuu pamoja na Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Shirika la WWF lilisaidia kwa fedha na wataalamu tangu mwanzo. Ndani ya mpaka mna vijiji zaidi ya kumi, mashamba ya minazi, misikiti, shule, na magofu ya mji wa Kua. Mpango mkuu wa usimamizi ulikamilika mwaka 2000, nao uliigawa bahari katika kanda tatu. Katika kanda ya msingi, ambayo inagusa sehemu za Ghuba ya Chole na Kitutia, hakuna kuvua kabisa. Katika kanda ya pili huvua wenyeji wa hifadhi peke yao, na juya haliruhusiwi. Kanda ya tatu ni ya matumizi ya jumla; hata mgeni aweza kuvua, akiwa na kibali.

Juya ndilo lililozua maneno. Ni wavu mrefu wenye matundu madogo, huzungushwa kisha ukakokotwa na kundi la vijana juu ya majani ya bahari na miamba midogo, ukazoa kila kilichomo: tasi wadogo, pono wadogo, ngisi, na majani yenyewe. Mtaalamu yeyote wa samaki ataueleza ubaya wake kwa dakika tano, na wavuvi wazee wa Mafia walikuwa wakiueleza kabla yake. Lakini juya huajiri vijana wengi wasio na chombo wala mtaji. Hifadhi ikaanzisha mpango wa kubadilishana zana: kikundi kinasalimisha juya, kinapewa nyavu za kina kirefu na vifaa vingine. Majuya mengi yalitoka majini kwa njia hiyo, bila bunduki. Hata hivyo wavu wa kina kirefu unataka mashua imara na injini, na mvuvi wa ngalawa aliyekabidhiwa wavu huo bila chombo cha kuufikisha kwenye kina alibaki kuutazama. Mtu wa kulieleza hilo mapema alikuwepo kijijini. Ilihitajika aulizwe.

Kwa Jibondo jambo hili lilikuwa zito zaidi. Kisiwa kile ni jiwe tupu la matumbawe makavu. Udongo wa kulima ni haba na maji ya kunywa ni ya shida. Watu wake ni mafundi wa vyombo na wavuvi hodari, na bahari ndiyo shamba lao. Ukifunga sehemu ya bahari mbele ya Jibondo, umefunga shamba. Si ajabu kwamba upinzani dhidi ya hifadhi ulikuwa mkali zaidi hapo, na haikuwa haki kwa waliowaita watu wa Jibondo wakaidi.

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Christine Walley, aliyeishi Mafia katika miaka ya 1990, aliandika katika kitabu chake Rough Waters cha mwaka 2004 jinsi wakazi waliokuwa na matumaini makubwa walivyoanza kujiona wamewekwa kando kadiri maofisa na wafadhili walivyozidi kuamua. Mwaka 2012 watafiti Tor Benjaminsen na Ian Bryceson walikwenda mbali zaidi, wakaitaja Mafia miongoni mwa mifano ya Tanzania ambako uhifadhi na utalii vinawapokonya wananchi rasilimali. Kuna wanaoona hukumu hiyo imepita kiasi, kwa kuwa wenyeji hawakuhamishwa na wanaendelea kuvua ndani ya hifadhi. Lakini hata anayeipinga hawezi kukana kiini chake. Kamati za vijiji zilikuwepo, ila mara nyingi zilikuja kuarifiwa jambo lililokwisha kuamuliwa, na doria za kukamata zana zikawa ndiyo sura ya hifadhi ambayo mvuvi aliiona mara kwa mara.

Pale ambapo mwenyeji alipewa kazi yenye maana, mambo yalikwenda tofauti kabisa. Mfano wa wazi ni kasa wa Juani.

Fukwe za upande wa mashariki wa Juani, zinazotazama bahari kuu, ni miongoni mwa mahali muhimu pa kutagia kasa nchini. Zamani aliyeona alama za kasa mchangani aliufuata mstari, akafukua mayai na kuyapeleka nyumbani. Mwaka 2001 ulianza mradi wa kulinda kasa na nguva wa Mafia, ambao baadaye ulikua na kuwa shirika la Sea Sense. Mradi uliwachagua wanakijiji wenyewe wawe walinzi wa viota, na ukaweka malipo kwa anayetoa taarifa ya kiota na mengine mayai yakianguliwa salama. Mlinzi hupita ufukweni alfajiri akitafuta mkwaruzo wa mapezi. Akikuta kiota kiko chini ya mstari wa maji ya bamvua, hukifukua kwa mikono, huyahamisha mayai zaidi ya mia moja bila kuyageuza, na kuyafukia juu zaidi katika shimo la kina kilekile. Baada ya takriban miezi miwili vitoto hutoka, na wageni huvuka kutoka Utende na Chole kuja kuvitazama vikiteremka majini. Ada wanayolipa hurudi pia kijijini. Aliyekuwa akila mayai ndiye anayeyahesabu, na hakuna askari aliyemlazimisha.

Papa potwe nao wana funzo lao. Samaki hawa wakubwa kuliko wote duniani hukusanyika karibu na Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, wakifuata vijidudu vidogo vya baharini jamii ya kamba. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba msimu ukiisha huondoka. Utafiti wa vifaa vya sauti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba wengi hubaki Mafia mwaka mzima; huhamia tu mbali zaidi na ufuko na chini zaidi, macho yasikowafikia. Na Kilindoni iko nje ya mpaka wa hifadhi. Usalama wa papa hao umo mikononi mwa wilaya, waongoza wageni, na wavuvi wa dagaa ambao nyavu zao huzunguka mahali papa wanapolisha, na ambao humfungulia papa njia anapoingia wavuni.

Nje ya mipaka ya hifadhi, Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 ilitambua vikundi vya wavuvi vya kusimamia rasilimali, ambavyo pwani yote hujulikana kwa herufi BMU. Vikundi hivyo husaidia kukagua zana, kuandikisha vyombo na kukusanya takwimu za samaki wanaoshushwa ufukweni. Baadhi vimeimarika, vingine vina mhuri na kiti tu. Bila macho yao, hata hivyo, vita ya baruti isingefika ilipofika. Mwaka 2015 utafiti uliorekodi sauti chini ya maji ulinasa milipuko zaidi ya 300 katika takriban mwezi mmoja kwenye pwani ya Tanzania, mingi yake ikiwa karibu na Dar es Salaam. Mwaka huohuo kikaundwa kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya serikali, kikafuatilia vilipuzi hadi vinakotoka badala ya kumsubiri mrushaji majini. Miaka michache baadaye milipuko ilikuwa imepungua mno.

Yako mambo ambayo hakuna mhifadhi anayeweza kuyazuia kwa doria. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kitutia, mwamba uliokuwa fahari ya Mafia, na mwaka 2016 joto lilirudi. Ghuba ya Chole ilistahimili zaidi.

Familia ya hifadhi imeongezeka. Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma kule Mtwara ilifuata mwaka 2000, na mwaka 2009 ikaja hifadhi ya silikanti Tanga, baada ya samaki huyo wa kale kuanza kunaswa na jarife za wavuvi mwaka 2003. Delta ya Rufiji, Mafia na Kilwa kwa pamoja ziliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Zote zinafuata njia iliyofunguliwa na Mafia, pamoja na makosa yake.

Mpango wa usimamizi wa mwaka 2000 ulipitiwa upya mwaka 2011, na mipango mingine itakuja. Kwa wanaoiandaa kuna ombi moja. Rasimu ifike vijijini ikiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, ikiwa na ramani inayotaja miamba kwa majina ambayo wavuvi huitumia. Mkutano wa kijiji uitishwe wakati wa maji mafu, kwa kuwa siku za bamvua wanawake wa pweza wako miambani tangu maji yanapotoka, na bila wao hesabu ya pweza wa Mafia haikamiliki. Na kila kilichosemwa na kijiji kikakataliwa, kijiji kipewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 1994 inatosha kwa yote hayo, haihitaji kubadilishwa hata kifungu kimoja.