Uji wa kwanza: miezi minne au sita?

Wasomaji wangu, wiki iliyopita nyumbani kwetu kulizuka ugomvi juu ya sufuria moja ya uji. Dada yangu ana mtoto wa miezi minne na siku kadhaa. Mama alikuja kutoka Iringa kumsaidia kulea, na asubuhi moja akaingia jikoni, akapika uji laini wa sembe, akatia sukari kidogo, akachukua kijiko. Dada akamzuia: kliniki wamesema miezi sita, hata maji hapana. Mama akajibu kwa sauti ya chini, ile ambayo sisi wanawe tunajua ni ya hatari kuliko ya juu: "Huyu kaka yako nilimpa uji akiwa na miezi minne, na nesi ndiye aliyeniambia. Sasa nani mwongo, mimi au nesi?"

Mimi mjomba mtu, ambaye katika mambo haya kazi yangu ni kununua nepi, nilinyamaza. Lakini swali lile likanikaa kichwani, nikaanza kuchimba. Na nilichokuta ni kwamba mama hakudanganya. Nesi wake pia hakudanganya.

Nilizaliwa mwaka 1997. Miaka saba kabla ya hapo, mwaka 1990, wawakilishi wa serikali mbalimbali na wataalamu wa afya walikutana Florence, Italia, katika jengo la Innocenti, lililojengwa karne ya 15 kwa ajili ya kulea watoto waliotupwa. Wakatoa azimio lililobeba jina la jengo hilo: mtoto anyonye maziwa ya mama pekee mpaka miezi minne hadi sita. Hiyo "minne hadi sita" ndiyo aliyoisikia mama. Mwaka 1994 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukasogea kidogo, ukasema takriban miezi sita. Mwaka 2001 ndipo ukakata shauri: miezi sita. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limepitia tafiti zilizokuwepo, likaona kwamba watoto walionyonya tu kwa miezi sita waliugua kuhara mara chache zaidi, na hawakuachwa nyuma kwa kukua. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2023 umerudia umri huo huo. Kwa hiyo kaka mtu alikula uji kwa sheria ya zamani, na mpwa wake anasubiri kwa sheria mpya.

Msidhani ni akina mama wa Iringa tu waliokuwa na haraka. Marekani mwaka 1928 kampuni ya Gerber ilianza kuuza mboga na matunda yaliyopondwa kwenye makopo, na miongo iliyofuata umri wa kuanza kula ukawa unashuka tu. Kilele chake ni daktari mmoja wa Florida, Walter Sackett, ambaye katika miaka ya 1950 alifundisha kwamba mtoto aanze uji wa nafaka akiwa na siku mbili au tatu. Siku, jamani, si miezi! Nilipomsomea mama hilo alicheka mpaka akakaa chini. Basi uji wa miezi minne ulikuwa ukali gani?

Lakini mama si mtu wa kuachia hoja kirahisi. Akaniuliza jambo ambalo naona ndilo kubwa zaidi: "Watoto waliokuwa wakikonda kijijini walikuwa hawakondi wakiwa wachanga. Walikuwa wananenepa vizuri kwa ziwa, halafu wakishaanza kula ndiyo wanakwisha. Kwa nini?"

Swali hilo liliwahi kuulizwa na daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliyefika Gold Coast (Ghana ya leo) mwaka 1929. Alikutana na watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu waliovimba miguu, ngozi inabanduka, nywele zimepauka. Mwaka 1933 aliandika kuhusu ugonjwa huo akiuhusisha na chakula cha mahindi matupu, na mwaka 1935 akaupa jina ambalo Waga wa huko walikuwa tayari wanalitumia: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto aliyeondolewa kwenye nafasi yake mwingine anapozaliwa. Yaani jina lenyewe lilikuwa limeshataja chanzo: ziwa limekwenda kwa mdogo wake, na yeye kabaki na uji.

Hapa inabidi nisimame kidogo. Sisi kwa Kiswahili tuna neno letu kwa mtoto wa namna hiyo. Tunasema kabemendwa. Nalo limeona kitu kile kile, kwamba mimba ya haraka inamdhuru anayenyonya. Ila neno letu linamgeukia mama (na mara chache baba) kuuliza alilala na nani na lini. Waga walitazama nafasi ya mtoto, sisi tukatazama kitanda cha wazazi. Ni wanawake wangapi waliacha kumpeleka mtoto zahanati kwa kuogopa kuulizwa hayo mbele za watu? Neno hilo bado nalisikia, hata mjini.

Turudi kwenye sufuria, maana jibu la mama limo humo. Unga wa mahindi ukipikwa, wanga wake hunywa maji na kuvimba. Ukitaka uji mtoto aweze kuumeza, inabidi uongeze maji mengi, na katika kila gramu 100 za uji huo laini unga kavu unaweza kuwa gramu 5 hadi 7 tu. Tumbo la mtoto ni dogo. Atashiba maji. Mtoto wa miezi sita hadi minane anahitaji kiasi cha kalori 200 kwa siku juu ya zile za ziwa, na akifika mwaka mmoja anahitaji kama 550. Hapo ongeza madini ya chuma: akiba aliyozaliwa nayo huanza kuisha karibu na miezi sita, na uji mweupe hauna cha maana cha kuifidia. Ndiyo maana kuchelewa sana nako ni hatari, jambo ambalo wanaotaja miezi sita kama wimbo huwa hawalisemi. Lakini kuanza kwa wakati kwa kutumia uji wa maji ni kama kutoanza.

Na hapa ndipo nilipofurahi, kwa sababu jibu moja zuri lilitoka kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliangalia kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho siku zote: kimea. Unaloweka ulezi au mtama usiku kucha, unaufunika ukiwa na unyevu siku mbili tatu mpaka uchipue, unaanika, unaondoa mizizi na vichipukizi (kwa mtama hili ni la lazima, vichipukizi vyake vina sumu), unasaga. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg waliandika walichokiona. Nafaka iliyochipua ina vimeng'enya vinavyokatakata wanga. Pika uji mzito unaosimama kijiko, wenye unga gramu 20 katika 100, epua, acha upoe kidogo, tia kijiko cha kimea, koroga. Katika dakika chache uji ule mzito unalegea na kunyweka, bila kuongeza tone la maji. Kisha uuchemshe tena kidogo. Chakula ni karibu mara tatu, tumbo ni lile lile.

Baadaye walikwenda Luganga, Iringa, kuona kama watoto watakula zaidi uji wa namna hiyo. Mkoa ule ulikuwa tayari na mradi mkubwa wa lishe ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168, watoto wanapimwa uzito kijijini na kamati ya kijiji inajadili ni nani anapungua na kwa nini. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6 na ushee hadi chini ya asilimia 2. Sitasema ni kimea kilichofanya hivyo. Kulikuwa na chanjo, kulikuwa na kulisha mara nyingi kwa siku, kulikuwa na mizani.

Nilimpigia bibi nikamweleza habari hii kwa bashasha zote za mwandishi aliyegundua jambo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kimea nakijua. Cha pombe. Watoto tuliwapa togwa." Nadhani hapo ndipo kimea kilipokwama. Kwa wengi kilinuka kilabu cha pombe, na kazi yake ni ya siku nne kwa mwanamke ambaye ana shamba, kuni na maji ya kubeba. Leo dukani unanunua pakiti ya unga wa lishe, nafaka sita, soya na karanga humo humo, na mama anaamini wingi wa majina ndio lishe. Mimi naona mchanganyiko mdogo unaoujua ulikotoka ni salama zaidi, kwani mahindi au karanga zilizohifadhiwa vibaya huota kuvu wenye sumukuvu. Kenya mwaka 2004 sumu hiyo kwenye mahindi iliugua watu 317, wakafa 125. Pakiti haikuambii karanga zake zililala ghala gani.

Nyumbani mambo yametulia kwa masharti. Uji wa mama tuliunywa sisi wakubwa. Mtoto ananyonya tu mpaka atimize sita, na mama amekubali "kwa kuwa hao wa 2001 wamesoma". Dada naye amekubali kwamba siku ikifika, mpishi ni mama, uji utakuwa mzito, na utakuwa na dagaa waliosagwa.

Jana basi la Iringa limeleta kifurushi kutoka kwa bibi. Ni ulezi kilo mbili, haujachipuliwa, na ujumbe aliouandikisha kwa mjukuu: yule aliyenipigia simu ndiye auloweke.