Mizani ya Kumbukumbu Katika Mji wa Kale

Alipofariki mshairi Muyaka bin Haji, yapata 1840, tungo zake nyingi zilibaki vifuani mwa watu wa Mombasa, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya, akishirikiana na padri Mwingereza W. E. Taylor. Zama hizo, hapana shaka, mzee aliyeanza kupotewa na beti au nasaba alitambuliwa na wenziwe barazani kabla ya tabibu. Siku hizi kumbukumbu hupimwa pia kwa mtihani: ule wa alama 30 uliotangazwa Marekani 1975 na Folstein na wenziwe huuliza tarehe, siku na mahali; nao, kwa rai yangu, wataka hadhari hapa, kwani mzee aulizwaye siku baada ya magharibi ya Alhamisi, akajibu kuwa ni usiku wa Ijumaa, hakusahau lolote, bali afuata hisabu ya wazee wake, ambayo kwayo siku mpya huanza magharibi.